Kiti cha Kinyozi

Kazi yangu ni kuwakalisha watu.
Karibu, keti, legeza shingo.
Miaka ishirini na minne hapa Mwanjelwa
nimekalisha wachuuzi wa viazi, makondakta, mashemasi,
bwana harusi aliyetetemeka kuliko mashine yangu,
na maiti mmoja, ila yeye nilimnyoa akiwa amelala.
Mimi nimesimama.

Mguu wa kushoto ndio ulioanza kunidai.
Kwanza uzito tu, jioni,
kama nimevaa gambuti lililojaa maji.
Kisha mishipa ikajitokeza nyuma ya goti,
minene, ya buluu, imejikunja
kama waya wa mashine ukitupwa sakafuni.
Gwantwa aliifuata kwa kidole hadi kwenye fundo,
akihesabu,
akaacha kuhesabu.

Wakasema nimekanyagishwa kitu.
Wakasema ni gauti, acha nyama.
Niliacha nyama miezi mitano.
Mguu haukupewa taarifa.
Muuza mitumba jirani akasema ni baridi ya mwezi wa saba,
huingilia unyayoni;
nikavaa soksi mbili mbili,
nikawa na maumivu yenye joto.

Daktari wa rufaa, binti mdogo, Dokta Tumpale,
alinisimamisha juu ya stuli
akapitisha kifaa chenye ute wa baridi,
nikasikia damu yangu mwenyewe ikivuma:
fyuu, kwenda. Fyuu, kurudi.
"Hii ya pili, mzee, haikutakiwa."
Akanieleza kuwa mshipani mna vilango,
damu ikishapita vinafunga, isirudi chini.
Vyangu vimelegea.
Nikamwambia nimeelewa.
Nimeona malori kwenye mlima wa Iwambi
yakipanda na mzigo, gia ikikataa,
na utingo akiruka na kigingi kuliwahi tairi.
Basi mwangu matingo wamelala.
Alicheka, kisha akaandika.

Soksi za kubana, hadi gotini.
Bei yake vichwa arobaini na viwili,
nilipiga hesabu palepale dirishani.
Kuzivaa ni mieleka: Gwantwa anavuta,
mimi nimeshika kitanda, tunahema
kama watu wanaomwingiza ndama zizini,
alfajiri, Loleza bado umejifunika ukungu.

Usiku ni habari nyingine.
Saa nane shavu la mguu linakaza ngumi.
Naamka, nasimama kwenye saruji ya baridi
(kusimama, tena!)
na muwasho pale juu ya fundo
ambapo ngozi imekuwa rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni.
Nimeonywa nisikune,
kidonda cha pale hakina haraka ya kupona.
Sikuni. Napapasa pembezoni
kama mtu anayezunguka nyumba ya mdai wake.
Nalala miguu ikiwa juu ya gunia la mchele wa Kyela.
Kila siku Gwantwa anachota kibaba,
na mwisho wa mwezi mguu umeshuka.

Wateja hawajui.
Mteja hatazami chini, anajitazama kiooni.
Isipokuwa Lusekelo, wa darasa la tatu,
niliyemwinamisha nimalizie kisogo,
akasema na sakafu:
"Babu, mbona unasimama kama korongo?"
Sikumjibu. Nilikuwa nabadilisha mguu.

Jana, baada ya kufunga, nikaketi kwenye kiti changu.
Kinazunguka vizuri. Sikuwahi kujua.
Nikapandisha miguu mezani, kati ya poda na spiriti,
nikainua macho:
kiooni, mahali pa nyuso za watu,
nyayo zangu mbili zilikuwa zinanitazama,
zina nyufa, zina vumbi la nywele za wengine.
Karibuni, nikaziambia.
Tuanzie wapi?

Umeme ukakatika kabla hazijajibu.